Mkate wa leo, wa jana, wa friji ama wa friza: upi ule kama unajali sukari na tumbo

Huku kwetu watu wengi wananunua mkate jioni wakitoka kazini, wanakula nusu, nusu inabaki, na hapo ndo mabishano yanaanza. Mmoja anasema acha tu kabatini, mwingine anasema weka friji usiharibike, wa tatu kasikia mahali kwamba mkate ukilala friza alafu ukautosti sukari haipandi, na kama nyumbani kuna mzee mwenye kisukari basi asubuhi kila mtu ni daktari na mzee mwenyewe hajui afuate nani.

Nimeandika hii kwa wale waliokwama hapo. Sitasema mkate gani ni bora kwa kila mtu sababu mama anayechoma insulini na kijana wa boda anayetaka nguvu ya kumfikisha saa saba hawali mkate kwa sababu moja. Lakini tofauti zipo kweli, zimepimwa, zingine ni kubwa kuliko watu wanavyodhani na zingine unapoteza umeme wako bure.

Tunapima kwa nini

Vitu vinne. Cha kwanza sukari kwenye damu, yani baada ya kula inapanda haraka kiasi gani na inakaa juu kwa muda gani. Cha pili tumbo: gesi, kiungulia, kujaa, choo. Cha tatu usalama, kwa sababu kwa joto letu na mvua zetu mkate unaota ukungu haraka kuliko unavyosoma kwenye ushauri wa watu wa Ulaya. Cha nne mfuko na umeme, manake kumwambia mtu wa Katanga ama Namuwongo, mitaa ya watu wa kipato kidogo hapa Kampala, aweke mkate friza wakati Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, inasoma yuniti mbili ni kumsumbua tu.

Na kuna kitu kimoja lazima kieleweke kwanza, la sivyo mengine yote yatakuwa kama uchawi.

Wanga wa mkate unafanya nini ukipoa

Unga wa ngano sehemu kubwa ni wanga. Ukiwa unga mkavu, huo wanga umekaa kama punje ngumu zilizofungwa. Ukichanganya na maji ukaoka, punje zinanyonya maji, zinavimba na kufunguka, na wanga uliofunguka ndio vimeng'enya vyetu vinaupenda, vya kwenye mate na hasa vya kwenye utumbo mdogo, vinaukata haraka kuwa glukosi na glukosi inaingia damuni. Ndiyo maana mkate mweupe kwenye jedwali za kimataifa za kipimo cha GI, kinachoonyesha chakula kinapandisha sukari ya damu kiasi gani, unakaa kwenye 75 hivi, ukilinganisha na glukosi yenyewe ambayo ni 100. Hicho kipimo kilianzishwa mwaka 1981 na David Jenkins na wenzake kule Toronto, na mpaka leo ndo tunatumia.

Sasa mkate ukitoka kwenye oveni na kuanza kupoa, ule wanga uliofunguka unaanza kujipanga tena na kukazana. Wanga una aina mbili, ile iliyonyooka inayoitwa amilosi na ile yenye matawi mengi inayoitwa amilopektini. Amilosi inajikaza mapema, ndani ya masaa machache tu. Amilopektini inachukua siku, na hiyo ndo inafanya mkate wa juzi uwe mgumu hata kama umefungwa vizuri kwenye kaveera, yani mfuko wa plastiki, na haujakauka maji. Wengi wanadhani mkate unakauka, kumbe mara nyingi ni wanga umejikaza.

Sehemu ya wanga uliojikaza hivyo vimeng'enya vinashindwa kuikata, inapita utumbo mdogo bila kuwa sukari, inafika utumbo mpana na huko bakteria wanaila kama wanavyokula nyuzinyuzi. Huo unaitwa wanga sugu. Ni mzuri kwa utumbo, bakteria wanatengeneza asidi fupi kama butireti ambazo seli za utumbo mpana zinatumia kama chakula. Lakini tusidanganyane hapa: kwenye mkate wa kawaida huo wanga sugu ni kidogo, sehemu kubwa kabisa ya wanga inabaki ya kumeng'enywa kama kawaida, kwa hiyo mtu akikwambia mkate wa friza "hauna sukari" mwambie hapana.

Ukipasha tena? Amilopektini iliyojikaza inalegea kuanzia kama nyuzi 60 hivi, ndiyo maana mkate mgumu ukipashwa unarudi laini. Amilosi iliyojikaza ni sugu zaidi, inahitaji joto la juu ya nyuzi 100, na ndani ya slaisi yenye maji joto halifiki huko. Kwa hiyo kupasha hakufuti kazi yote iliyofanyika mkate ulipopoa, kunafuta sehemu.

Mkate wa moto, wa leo leo

Huu ndo mtamu, hakuna ubishi. Ukipita karibu na bekari asubuhi harufu yenyewe inakuvuta mfuko.

Kwa sukari ndo unapandisha zaidi kati ya yote tunayolinganisha hapa. Wanga bado umefunguka, mkate ni laini, unatafuna mara mbili umemeza, na slaisi nne zinapita kabla hujaanza kuongea. Hiyo ya mwisho naona watu hawaiangalii kabisa, na kwangu ni nusu ya tatizo: mkate wa moto unaliwa mwingi.

Kwa tumbo, wazee wetu wengi wanakataza mkate wa moto wakisema unaumiza tumbo. Ninavyoona mimi hawajakosea sana, ila sababu siyo sumu yoyote iliyo ndani yake. Sehemu ya ndani ikiwa bado na joto inanata, ukiibonyeza inakuwa donge, na mtu anayekula kwa haraka anameza madonge pamoja na hewa, alafu analalamika kajaa. Ukiuacha upoe mpaka ukatike vizuri bila kung'ang'ania kisu, na ukatafuna, shida kubwa inaisha. Kama una kiungulia pia angalia ulipaka nini juu na ulikunywa nini nao, mara nyingi ni majarini nyingi na chai ya kuchemka kwenye tumbo tupu.

Usalama wake siku hiyo hiyo ni mzuri, ila usifunge mkate wa moto ndani ya kaveera. Unatoa jasho, yale matone yanarudi kwenye ganda, na ukungu unaanzia hapo hapo. Kwa mfuko hauna gharama ya ziada, isipokuwa ukinunua mkubwa na nyumbani mko wawili.

Unamfaa nani: watoto wanaokua na hawana shida ya sukari, mtu wa kazi ngumu anayekula na kutoka, na yeyote ambaye anaweza kujizuia kwenye slaisi mbili.

Mkate uliolala kabatini

Huu ndo wengi wetu tunakula kila siku bila kuupa jina. Umenunuliwa jana ama juzi, umefungwa, uko juu ya kabati ama ndani ya ndoo yenye mfuniko ili panya na sisimizi wasifike.

Kwa sukari uko nafuu kidogo kuliko wa moto, sababu wanga umeanza kujikaza, lakini nasema kidogo nikimaanisha kidogo, usibadilishe dawa yako wala idadi ya slaisi kwa sababu mkate ni wa jana. Faida yake kubwa ni kwamba umekaza, unatafuna zaidi na unashiba mapema. Kwa tumbo wengi wanauvumilia vizuri kuliko wa moto, kwa sababu hizo hizo.

Penye shida ni usalama na hapa naomba mnisikilize vizuri. Nyumba zetu zina joto na unyevu, hasa msimu wa mvua na hasa kwa watu wa kandokando ya ziwa, Entebbe, Jinja, Masaka huko. Mkate uliofungwa siku tatu nne unaweza kuonyesha doa la kijani ama jeupe kama pamba. Watu wanakata hiyo sehemu na kula inayobaki, au wanasema "tosti tu, moto unaua". Ukungu kwenye kitu laini kama mkate unapeleka nyuzi zake ndani ambako huzioni, na sumu ambazo baadhi ya ukungu unatengeneza haziondoki kwa kutosti. Tupa wote. Najua unauma, bei ya mkate si kitu cha kuchezea, lakini tupa, na usiupe kuku wala mbwa.

Kuna ugonjwa mwingine wa mkate ambao wengi hawaujui, unaletwa na bakteria jamii ya Bacillus ambao mbegu zao zinavumilia oveni. Mkate ukikaa kwenye joto na unyevu unaanza kunukia kama nanasi lililoiva kupita, na ukiupasua katikati sehemu ya ndani inavutika nyuzi nyembamba zinazonata kama utando wa buibui. Ganda la nje linaweza kuonekana zima kabisa. Ukiona hivyo usiupashe, tupa, na usafishe ile ndoo ama kabati kwa maji na siki kabla hujaweka mwingine.

Kwa mfuko huu ni wa bure, hauhitaji umeme. Unawafaa nyumba inayomaliza mkate ndani ya siku mbili, na kila asiye na friji. Usinunue mkubwa wa kilo kama unajua hautaisha.

Mkate wa friji

Wa friji ndo unaeleweka vibaya kuliko wote. Watu wanadhani friji inaweka mkate freshi. Kinyume chake, kwenye baridi ya friji, nyuzi 4 hivi, ndipo wanga unajikaza haraka kuliko mahali pengine popote, haraka hata kuliko kabatini. Ndiyo sababu slaisi ya friji inakuwa kama kadibodi kesho yake tu.

Kwa mtu wa sukari hiyo inasikika kama habari njema na kiasi fulani ni kweli, wanga uliojikaza unameng'enywa polepole. Lakini ni nani anakula mkate wa friji ukiwa baridi hivyo? Karibu kila mtu anaupasha, na ukiupasha ile sehemu ya amilopektini inalegea tena. Kinachobaki ni faida ndogo pamoja na ile ya kutosti yenyewe, ambayo nitaisema chini.

Kwa tumbo, ukila baridi na mgumu utafune kweli, ukipasha uko kama mkate mwingine tu. Wenye tumbo jepesi la gesi wanaweza kuhisi tofauti ndogo kwa sababu wanga sugu unaliwa na bakteria na bakteria wakila wanatoa gesi, ila kwa slaisi mbili sidhani kama utasikia kitu.

Kwa usalama hapo friji inashinda kabati wazi wazi. Ukungu unachelewa, unapata karibu wiki, wakati mwingine zaidi. Ufunge vizuri usiguse ukuta wa friji penye matone. Umeme ukikatika masaa kadhaa mkate hauna shida kubwa kama nyama ama maziwa, ila ukitoka na unyevu utumie siku hiyo.

Unawafaa: mtu mmoja ama wawili wenye friji isiyo na nafasi ya friza, wanaopenda tosti kila asubuhi. Kama unataka mkate laini wa kula hivi hivi, friji siyo rafiki yako.

Mkate wa friza

Sasa huu ndo watu wanauliza kila siku. Na kuna utafiti wa kweli nyuma ya maneno yao.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes kule Uingereza walichukua watu 10 wenye afya, wakawalisha mkate mweupe wa kuoka nyumbani na mkate mweupe wa dukani, kwa njia tofauti, alafu wakapima sukari ilivyopanda damuni kwa masaa mawili. Mkate wa nyumbani ukiwa freshi ulitoa eneo la 259 chini ya mstari wa sukari kwenye chati yao, na namba ikiwa kubwa manake sukari imepanda zaidi. Ukigandishwa na kuyeyushwa ulishuka mpaka 179. Ukitostiwa tu bila friza, 193. Ukigandishwa, ukayeyushwa, alafu ukatostiwa, 157. Yani kutoka 259 mpaka 157 ni kushuka kama asilimia 39 kwa mkate ule ule, unga ule ule. Hiyo siyo kitu kidogo.

Lakini soma na upande wa pili ambao watu wanaruka. Mkate wa dukani ulianzia 253. Ukitostiwa tu ulishuka mpaka 183. Ukigandishwa kwanza, alafu ukayeyushwa na kutostiwa, 187. Umeona? Kwa mkate wa dukani kugandisha hakukuongeza kitu juu ya kutosti, kazi yote ilifanywa na tosta. Sasa wewe unayenunua mkate wa supamaketi Kampala na unawasha friza usiku kucha kwa ajili ya sukari tu, hesabu yako haiko sawa. Na hao walikuwa watu 10, wenye afya, siyo wenye kisukari. Ni dalili nzuri ila siyo dawa.

Mkate wa nyumbani ndo habari nyingine. Kama unaoka mwenyewe, ama unanunua kwa mama wa mtaani anayeoka kwa unga, hamira, chumvi na maji, bila viongezeo vya kulainisha, friza inaonekana kufanya kazi, ingawa mkate wa mtu mmoja si sawa na wa mwingine. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mkate ukiganda na ukiyeyuka unapita mara mbili kwenye ile baridi ya wanga kujikaza.

Kwa tumbo, friza haiharibu na haiponyi. Hii naisema kwa sababu kuna watu wenye ugonjwa wa siliaki, wale ambao gluteni inawaharibia utumbo, wanaambiwa eti kugandisha kunaua gluteni. Hakuui, na kutosti pia hakuui. Vivyo hivyo fruktani, ile minyororo mifupi ya sukari iliyo ndani ya ngano inayowaletea wengine gesi na maumivu, iko pale pale hata ukigandisha mwezi mzima. Kinachopunguza fruktani ni unga kuumuka muda mrefu kabla ya kuokwa.

Usalama ni wa juu kuliko njia zote, kwenye baridi kamili ya friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, ukungu hauoti kabisa, unakaa mwezi ukiwa bado mtamu. Ila namna ya kuweka ndo inaangusha watu. Usitupe mkate mzima humo kama jiwe. Ukate slaisi kwanza, uweke kwenye kaveera safi, toa hewa kwa mkono, funga kwa nguvu, na usiuweke karibu na mukene, wale dagaa wa ziwani, manake mkate unanyonya harufu na hakuna tosta itakayoitoa. Asubuhi unachomoa slaisi zako kwa ncha ya kisu kikavu, zinaachana kwa mlio mdogo, unaziweka moja kwa moja kwenye moto bila kungoja ziyeyuke. Umeme ukikatika mpaka mkate ukayeyuka wote, usirudishe, utumie.

Mfuko: friza ina gharama, ila kama tayari inawaka kwa ajili ya samaki na nyama basi mkate hauongezi kitu cha maana, tena friza iliyojaa inatunza baridi vizuri wakati umeme umeenda.

Unawafaa: anayeoka nyumbani kwa wingi, anayekaa peke yake na kula slaisi mbili kwa siku, na mwenye kisukari anayetaka kupima vipande vyake mapema ili asishawishike.

Kupasha: tosta, kikaango, mvuke, maikrowevu

Kutosti kumeonyesha faida kwenye mikate yote miwili ya ule utafiti, kwa hiyo kama utabadilisha kitu kimoja tu asubuhi yako, hicho kinastahili. Huna tosta? Sigiri inatosha. Makaa yawe mekundu yasiyo na moshi, kikaango kikavu bila mafuta, slaisi dakika moja moja kila upande mpaka rangi ya dhahabu. Usifike weusi. Sehemu nyeusi ina akrilamaidi, kitu ambacho wataalamu wanashauri tukipunguze, na ladha yake chungu hata hivyo. Ukiunguza, kwangua.

Tahadhari moja ya mahesabu. Slaisi ya gramu 30 ina wanga na sukari kama gramu 14 hivi. Ukitosti inakuwa nyepesi kwa sababu maji yametoka, lakini hizo gramu 14 ziko zote. Anayehesabu wanga kwa mzani apime kabla ya kutosti.

Kwa tumbo tosti kavu ni nyepesi na ndiyo maana wagonjwa wanaotoka kuharisha ama kutapika wanapewa. Wenye alsa wengi wanaipenda pia, na wanaweza kula, ila haiponyi alsa, hiyo mara nyingi inaletwa na bakteria wa tumboni aitwaye Helicobacter pylori ama dawa za maumivu, kwa hiyo nenda kapime.

Mvuke, yani kuweka mkate kwenye sufuria ya maji yanayochemka ukiwa juu ya kitu, unarudisha ulaini karibu wa siku ya kwanza. Mzuri kwa mzee asiye na meno, ila kwa sukari haukupi ile faida ya tosti. Maikrowevu ni hivyo hivyo na ina tabia mbaya, mkate unatoka laini, dakika tano baadaye ni raba. Sekunde kumi na tano, ishirini, na ule hapo hapo.

Kinachozidi haya yote

Ningekuwa nakosea kuwaandikia yote haya nikaacha chai. Vijiko vitatu vya sukari, vile vya kukwangua usawa, ni gramu 12, karibu slaisi nzima ya mkate, na hiyo haihitaji kumeng'enywa sana, inaingia mbio. Vijiko vya huku kwetu navyo vinajazwa mlima. Mtu anagandisha mkate, anautosti kwa uangalifu, alafu anauteremsha na kikombe kikubwa cha hivyo. Jamani.

Mkate wa brauni nao msiuamini kwa rangi. Kwenye jedwali za GI za 2008 mkate wa ngano nzima uliosagwa laini ulikuwa 74, mweupe 75, karibu sawa. Faida yake iko kwenye nyuzinyuzi na choo, na hiyo ni faida ya kweli, ila sukari haishuki kwa rangi. Mikate yenye punje nzima unazoziona kwa macho ndo inashuka, kwenye 53 hivi. Mkate wa kuchacha muda mrefu pia unasaidia kwa sababu asidi yake inachelewesha wanga kumeng'enywa.

Na unachokula nao: yai, maharage ya jana yaliyopashwa vizuri, ovakedo, odi (siagi ya karanga na simsim) ama binyebwa (rojo ya karanga) visivyo na sukari. Protini na mafuta vinachelewesha tumbo kujimwaga, sukari inapanda polepole. Ovakedo huku tunazo mpaka zinaozea chini ya mti, sioni sababu ya kula mkate mtupu na jemu.

Chagua kwa hali yako

Kama una kisukari cha aina ya pili na unatumia vidonge: slaisi mbili za kutosti, za kabatini ama friza haijalishi sana kama ni mkate wa dukani, pamoja na yai ama maharage, chai bila sukari ama ya kupunguza taratibu. Mashine ya kupima kama unayo, pima kabla ya kula na masaa mawili baada ya kuanza kula, siku moja mkate freshi, siku nyingine wa kutosti, slaisi zile zile na chai ile ile. Rudia kabla ya kuamini, stripu ni ghali lakini mwili wako ndo utakaokupa jibu, hao watu 10 wa Oxford hawakujui.

Kama unachoma insulini: usipunguze dozi kwa kukisia eti mkate ni wa friza. Hesabu wanga ule ule, kama unaona sukari inashuka kuliko zamani ongea na kliniki yako wabadilishe wao. Na sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L kwenye mashine, ukaanza kutetemeka na jasho, achana na mkate kabisa, chukua glukosi, soda ya kawaida ama maji yenye vijiko vinne vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, ndipo ule mkate baadaye.

Kama sukari yako ni sawa na shida ni gesi: jaribu kwanza mkate uliopoa na kutafuna taratibu. Ikiendelea, jaribu wiki mbili za kupunguza ngano, ule muhogo, matoke ama posho, uone. Ukiona damu kwenye choo, unakonda ama unaharisha bila kukoma, hiyo siyo habari ya mkate tena, nenda hospitali.

Kama unaoka nyumbani: acha upoe kabisa, kata, gandisha siku hiyo hiyo, tosti ukitoka friza. Wewe ndo unapata faida kubwa zaidi kwenye orodha hii.

Kama huna friji na mko wengi: nunua kila baada ya siku mbili, mdogo, funga ukiwa umepoa, weka mahali pakavu penye kivuli, tosti kwenye sigiri. Haujapungukiwa kitu kikubwa mbele ya mwenye friza, kwa mkate wa dukani mko karibu sawa.

Kama ni mzee asiye na meno na ana sukari pia: usimlazimishe tosti ngumu ikamkwama. Mpe slaisi moja laini badala ya mbili, yai la kuchemsha lililopondwa, ovakedo, na chai isiyo na sukari, hapo kiasi ndicho kinachomlinda.

Na kama wewe ni wa daku mwezi wa Ramadhani, mkate mtupu wa moto hautakufikisha mchana. Tosti na maharage, kula polepole, maji ya kutosha, na kama una kisukari ongea na daktari wako kabla mwezi haujaandama kuhusu kufunga na namna ya kupanga dawa.